Matanga ya Apiyo

Mwezi uliopita nilipiga ukelele katikati ya mji wa Migori mpaka muuza viatu akaangusha kiatu. Mwanamke mzima, mwenye wajukuu, tena na buibui! Lakini ningefanyaje? Nilikuwa nimetoka Homa Bay kuja kununua vitambaa vya duka langu, nainua macho hivi, namwona Awino. Awino mwenyewe! Amenenepa, amevaa miwani, kwapani kabana boksi la misumari kwa sababu siku hizi ana duka la vifaa vya ujenzi kule Ndhiwa, lakini ule mwendo wake wa kurusha mkono mmoja kama anayefukuza kuku haujabadilika. "Nyar Mombasa!" akaita, yaani binti wa Mombasa, jina ambalo sikuwa nimelisikia tangu nilipokuwa mwembamba. Tukakumbatiana, tukalia, tukacheka, watu wa pikipiki wakatupigia honi tuondoke njiani, naye Awino akawajibu kwa Kijaluo maneno ambayo sitayaandika hapa. Tukaingia hoteli, tukaagiza samaki wa kuchemsha na ugali, na kabla maji ya kunawa hayajafika alikuwa ameshaniuliza, "Unakumbuka redio?" Nikacheka mpaka machozi. Nitasahauje? Nikisahau jina langu, ile redio nitaikumbuka.

Nasikia siku hizi watoto wa shule hupelekwa Sori, kule ziwani, kuiona ile nyumba tuliyokuwa tukiishi. Wanaambiwa habari za minyororo, za misafara ya pembe na ya watu, wanapigwa picha mlangoni, wanarudi kwao. Ni vyema. Lakini habari za mwaka ule, kabla ya mvua za El Nino, nilipokuwa na miaka kumi na tisa na ulimi usiotulia, hizo sidhani kama wanaambiwa, maana aliyekuwepo ndiye ajuaye. Sitawachosha na ukoo wangu, wala na sababu za msichana wa Mombasa kupelekwa kuishi kando ya ziwa. Yatosha kusema kwamba Shangazi Rukia alikuwa na mkahawa Sori, alihitaji mikono, na mikono iliyopatikana ilikuwa yangu.

Mkahawa wenyewe ulikuwa chumba cha mbele cha nyumba ambayo kila mtu aliiita Nyumba ya Mwarabu. Nyumba ya mawe, kuta nene kiasi kwamba ungeweza kukunja miguu ukalala dirishani, na mimi mchana wa jua kali nililala hapo hasa. Mlango wa mbele ulikuwa wa mbao nzito nyeusi, ukiufungua unalia kama mtu aliyekanyagwa kidole. Ndani tulikuwa na mabenchi, jiko la makaa, birika ambalo halikupoa kuanzia alfajiri, na redio ya Shangazi juu ya rafu, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Wavuvi walikuja na harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, madereva wa malori ya barafu wakaja na haraka zao, na Shangazi akawalisha wote mahamri kwa mbaazi, wapende wasipende. Mwanzoni hawakupenda. "Mama, hii mandazi iko na manukato," mmoja alilalamika, akimaanisha iliki. Baada ya mwezi mmoja walikuwa wanagombania ya mwisho. Mimi nilikuwa nakata, nachota, napokea, na masikio yangu yakifanya kazi kuliko mikono. Nilijifunza Kijaluo kwa kudukua mazungumzo ya watu waliodhani sielewi, na nakwambia hakuna shule iliyo tamu kama hiyo.

Nyuma ya chumba cha mbele kulikuwa na ua mdogo, kisha jikoni, kisha chumba cha nyuma. Mlango wake ulikuwa mfupi, lazima uiname. Dirisha hakuna, ila ufa wa kupitisha hewa juu karibu na dari. Ukutani kulikuwa na pete za chuma zilizochimbiwa ndani ya mawe, na Shangazi, ambaye hakuruhusu kitu kukaa bure, alikuwa amefunga kamba kutoka pete moja hadi nyingine. Humo tuliweka makaa, na mvua ikinyesha tulianika nguo.

Miongoni mwa wateja wetu alikuwa bibi mmoja tuliyemwita Dani, yaani nyanya. Aliolewa Sori tangu ujana, lakini wenzake walimwita Nyar Uriri, binti wa Uriri, kwa kuwa kwa Wajaluo mwanamke haachi jina la kwao hata azeeke kwa mume. Kila siku ya soko alikuja na kikapu cha viazi vitamu kichwani na mjukuu wake Awino nyuma yake. Alikunywa chai ya rangi kwenye benchi la karibu na mlango, wala hakuingia ndani zaidi ya hapo hata siku moja. Awino yeye alikuwa wa rika langu, na kufikia wiki ya pili tulikuwa tumeshakuwa chanda na pete. Basi siku moja mvua ikashuka ghafla. Awino akakimbilia uani kunisaidia kuanua, tukawa tunazihamishia nguo chumba cha nyuma, na Dani, sijui ni nini kilichomvuta, akatufuata mpaka kizingitini. Akaiona kamba. Akaziona leso zangu na gauni la kulalia la Shangazi zikining'inia kwenye pete.

"Hapo ndio nyinyi mnaanikanga nguo?" akauliza.

"Ndiyo, Dani. Mvua ikinyesha."

"Hapo ilikuwa ya mikono ya watu," akasema, akageuka, akatoka kwenye mvua vilevile bila kujifunika.

Awino ndiye aliyenieleza, jikoni, mimi nikigeuza chapati na chapati zenyewe zikiungua. Dani naye alikuwa na nyanya yake, aliyeitwa Adongo, na Adongo alikuwa pacha. Mwenzake, aliyetangulia kuzaliwa, alikuwa Apiyo. Walipokuwa wasichana, msafara wa watu wa pwani ulipiga kambi hapa ziwani, Apiyo akaenda kuwauzia kuku. Adongo alimfuata kwa mbali, akamwona akiingia ndani ya nyumba hii. Hakumwona akitoka. Hakuna aliyemwona tena. Adongo akaolewa, akazaa, akazeeka, na siku ya kufa kwake akamshika mkono mjukuu wake, huyu Dani wetu, akamwambia kwamba yeye anaenda kulala nusu, maana nusu nyingine haina kaburi. Dani akaahidi kwamba atamzika Apiyo. Na sasa Dani mwenyewe alikuwa anakohoa asubuhi mpaka jioni, na kaburi bado halikuwepo.

Nilihisi uso unaniwaka moto. Wenye nyumba ile walitoka kwetu. Walisema Kiswahili kama changu, pengine walikula mahamri kama yetu. Mpaka leo nikizungumza, mtu akasema "Aa, wewe ni wa pwani, Kiswahili safi," kuna mahali ndani panapopiga teke. Jioni ile nilimwambia Shangazi, na Shangazi alikuwa mkali, ulimi wake ungeweza kumenya muwa. "Mimi nilikodi nyumba," akasema, "sikukodi mambo ya kale!" Lakini kesho yake kamba ilikuwa imehamia uani, na kwenye chumba cha nyuma hakuanika tena hata kitambaa cha vyombo.

Haya, miezi ikapita, ndipo wakaja watu wa kuhifadhi majumba ya kale. Sori ikachangamka kama imepewa sukari! Walikuja na vipimo, ngazi, brashi ndogondogo za kusafishia kuta kama wanaosugua meno, na mkubwa wao alikuwa Bwana Okello, kijana wa Kijaluo aliyekulia mjini, suruali yake ina mikunjo hata saa tisa alasiri. Kila mtu alikuwa na yake ya kusema. Wavuvi walisema wanatafuta dhahabu ya Mwarabu chini ya sakafu. Akina mama wa samaki wakasema wazungu watakuja na nyumba itazungushiwa umeme. Bwana Okello alisema ni kumbukumbu ya taifa, na kwamba siku ya kufunguliwa rasmi atakuja mgeni wa heshima. Sisi mkahawa wetu utahamia ng'ambo ya barabara. Shangazi alimlaani kwa Kiswahili cha Mvita, akamlaani tena kwa dua, kisha akamjazia sahani pilau. Mimi nilikuwa nimewehuka kwa furaha. Kila plasta iliyobanduliwa nilikimbia kuitazama. Nilidhani ulimwengu wote umeamua kuja Sori na mimi ndiye niliyewekwa mlangoni kuupokea.

Dani alimwendea Bwana Okello siku ya kwanza tu. Nilikuwa natandaza ubuyu wa watoto kwenye sinia, nikayasikia yote.

"Mimi nataka kuzika mtu yangu hapa," Dani akasema.

"Mama, pole. Amefariki lini?"

"Zamani. Wakati ya Mwarabu."

Bwana Okello akaweka kikombe chini taratibu. Akamweleza kwa heshima kwamba nyumba ikishahifadhiwa, ardhi yake haichimbwi hata shimo la kupanda mchicha, kwamba kuna sheria, kwamba yeye akiruhusu atafutwa kazi. Dani akasikiliza mpaka mwisho. Wiki iliyofuata akarudi na maneno yaleyale. Na iliyofuata. "Mimi nataka kuzika mtu yangu." Bwana Okello akaanza kukwepa siku za soko, akawa anapitia jikoni kwetu ili asikutane na benchi la karibu na mlango. "Ananiua, huyu mama," alimwambia Shangazi. "Sakafu ya kile chumba ndiyo roho ya nyumba. Nikichimba pale nimeharibu kila kitu." Shangazi akamwambia avumilie, na kwamba na yeye pia hakubaliani na mambo hayo, maana alikuwa ameshasikia kinachotaka kuzikwa ni nini.

Kilikuwa tunda. Mtu akipotea, akizama ziwani asionekane, au akifia vitani mbali, Wajaluo hawamwachi bila kaburi. Huchukua tunda la mti wa yago, mti ambao sisi pwani tunauita mvungunya, lile tunda refu zito la kijivu linaloning'inia kwa kamba yake, wakalizika badala ya mwili. Wanalilia, wanaimba, wanachinja, na roho inatulia. "Tunda!" Shangazi alisema, akipiga makofi. "Ya Rabi, nimeishi nikaona! Watu wazima walilie tunda!" Mimi nikajifanya nahesabu vikombe, kwa sababu siku mbili kabla nilikuwa nimekwenda na Awino mpaka kwenye mti wenyewe, kando ya mto Kuja, kulichagua.

Na siku ile ilikuwa raha! Tulikwenda tukichekana njia nzima. Awino akapanda, mimi chini nimetandaza leso kama mzimamoto anayemsubiri mtu aruke kutoka ghorofani, naye juu ananiambia, "Usiangushe, wewe! Ukiangusha Dani atatuzika sisi!" Likakatika, likaja, likaniangusha chali na leso yangu. Tukacheka mpaka tukashindwa kusimama. Halafu nikalinyanyua, na uzito wake ulikuwa uzito wa mtoto, na bila kupanga nikaliweka begani kama mtoto anavyowekwa. Awino akaacha kucheka. Tukarudi tukipokezana, na kila mpokezano tulisema "pole," hatujui tunamwambia nani.

Sasa redio. Kwa Wajaluo mtu hazikwi kama paka. Lazima watu waambiwe, na miaka hiyo, kabla ya simu za mkononi, watu waliambiwa na redio. Jioni, idhaa ya Kijaluo ikianza matangazo ya vifo, mkahawa mzima ulinyamaza, mtu na tonge mdomoni, mpaka yaishe. Bwana Okello alishatangaza kwamba ufunguzi ni Alhamisi, na kwamba baada ya siku hiyo kutakuwa na askari langoni na tiketi. Dani akapiga hesabu yake: siku ya mwisho ambayo mlango uko wazi kwa kila mtu ni ileile. Akamtuma Awino Homa Bay kupeleka tangazo kwenye ofisi iliyopokea matangazo ya redio. Awino aliniapia, na pale Migori akaapa tena juu ya samaki, kwamba hakudanganya neno hata moja. Karani alimuuliza maswali anayowauliza wote: marehemu ni nani, wa wapi, amewaacha kina nani, anazikwa wapi na lini. Hakumuuliza amekufa lini. Nani huuliza hivyo? Tangazo likitoka, mwili uko mochari. Kila mtu anajua.

Basi Jumatatu jioni mkahawa umejaa, mimi namimina chai, redio ikasema. Apiyo, pacha wa marehemu Adongo! Nyanya wa mwalimu fulani wa Ndhiwa, wa fundi fulani wa kiwanda cha sukari, wa muuguzi fulani wa Kisumu, wa makarani wawili wa Nairobi, maana Dani aliwataja wajukuu wote wa ukoo wenye kazi. Atazikwa Alhamisi, Sori, katika Nyumba ya Mwarabu. Nilimwagia mteja chai mapajani. Bwana Okello, aliyekuwa pembeni na mfupa wa samaki aina ya mbuta, akapaliwa mpaka Shangazi akampiga mgongo. Na mabenchi yakawaka moto.

"Apiyo gani huyo? Si yule wa Ndhiwa, mwenye mguu mbovu?"

"Yule ni mzima, nilimwona sokoni."

"Mzima lini? Mtu anakufa kwa siku moja."

"Na kwa nini azikwe hapa hotelini?"

"Wewe unauliza kwa nini? Umeambiwa ni Alhamisi. Nenda."

Mjaluo gani hana shangazi au nyanya anayeitwa Apiyo? Kila pacha wa kike aliyetangulia ni Apiyo! Na Mjaluo gani atathubutu kukosa mazishi ambayo huenda ni yake? Nilimtazama Awino, Awino akanitazama, tukakimbilia jikoni kuficha nyuso zetu ndani ya magunia ya unga.

Alhamisi. Jamani, Alhamisi! Mvua ilinyesha alfajiri, ardhi ikatulia, na kufikia saa tatu barabara ilikuwa imeshajaa. Walikuja kwa baiskeli, kwa pikapu, kwa lori la kubebea mchanga. Kwaya ya Wasabato wamevaa sare. Akina mama wa Kikatoliki na vitambaa vyao vyeupe. Wengine walianza kulia tangu njia panda, kilio kile cha kupasua anga, wanakimbia huku wanalia. Pikapu moja ilikuwa na ng'ombe dume, limesimama linatutazama kana kwamba nalo limealikwa. Mzee mmoja kutoka Ndhiwa, kofia mkononi, aliingia akilia, "Shangazi Apiyo, umeniacha!" na akaendelea hivyo mpaka katikati ya kiwanja, alipokutana uso kwa uso na shangazi yake Apiyo, mwenye mguu, ambaye naye alikuwa amekuja kumzika Apiyo. Bibi yule akampiga bakora. "Nani amekwambia mimi nimekufa?" Wallahi nilicheka nikaona nyota.

Bwana Okello alikuwa na viti vya wageni, hema, kipaza sauti, na utepe mwekundu aliokuwa ameufunga yeye mwenyewe mbele ya mlango mkubwa, na mkasi kwenye sinia la Shangazi. Mgeni wa heshima hakuwa amefika. Umati ulikuwa umekalia viti vyote. Maskini, alikwenda huku na huko akisema, "Hakuna mazishi, ndugu zangu, hakuna mazishi," na kila aliyemsikia alimpa pole, wakidhani ni mfiwa aliyechanganyikiwa.

Ndipo Dani akachukua kipaza sauti. Hakukiomba, alikichukua. Akasema kwa Kijaluo, polepole, na wakati huo nilikuwa naelewa kila neno. Akasema Apiyo wake hakufa wiki hii. Aliingia nyumba hii akiwa msichana, wakati wa misafara, kabla ya yeye Dani kuzaliwa, na leo ndiyo mazishi yake. Basi.

Nilijikunyata mlangoni ndani ya buibui langu. Nilifikiri, sasa watakasirika, wametoka mbali, wamekuja na ng'ombe. Sasa watatazama huku na huku wamtafute wa kumlaumu, na hapa pwani yote ni mimi na Shangazi Rukia. Yule mzee wa Ndhiwa akasimama, kofia bado mkononi. Alikuwa amekasirika kweli.

"Mnasema msichana huyu amekaa muda wote huo," akasema, "na hamjamzika?"

Umati ukaguna. Akainua sauti. "Mnangoja nini?"

Na palepale kilio kikaanza upya. Si kile cha njiani. Hiki kilitoka chini. Wanawake walianza kumlilia Apiyo, kisha nikasikia majina mengine: mmoja akamtaja babu aliyepelekwa vitani kubeba mizigo ya wazungu hakurudi, mwingine mwanawe aliyezama ziwani, mwingine dada. Kila mtu alikuwa na wake. Nikajikuta mimi nalia, tena kwa sauti, wala sijui nilianza saa ngapi.

Bwana Okello alimfuata Dani mpaka chumba cha nyuma. Tunda lilikuwa hapo chini ya pete, ndani ya gunia. Tulikuwa Dani, Awino, Shangazi na mimi. Macho ya Bwana Okello yalikuwa mekundu, maana yeye pia alikuwa na nyanya zake wa kuwalilia, lakini alisimama katikati ya sakafu akatandaza mikono.

"Mama, nakuomba. Nitafutwa. Usichimbe hapa."

"Nani anachimba hapa?" Dani akasema.

"Si unataka kumzika hapa ndani?"

"Ndani?" Dani akamtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. "Wewe ni Mjaluo ya wapi? Msichana hajaolewa anazikwa nje ya boma. Shimo iko ng'ambo ya barabara, vijana wamechimba asubuhi. Ndani amekaa, inatosha. Mimi nataka atoke."

Bwana Okello akafungua mdomo. "Mbona hukuniambia? Miezi yote hii!"

"Uliniuliza wapi?"

Miezi yote ile tulimsikia bibi yule akitaka kuzika, na kila mmoja wetu alimchimbia shimo lake kichwani, mahali alipoogopa yeye. Dani akainama kulishika gunia, na hapo Shangazi Rukia, aliyekuwa amesimama mkono kiunoni, akasema, "Ngoja." Akavua leso yake ya mabegani, mpya, ile ya kutokea. "Mimi siswali hapo, na Mungu ananisikia, siswali. Lakini msichana hatoki nje na gunia." Akalifunga tunda mwenyewe, akakaza, akageukia ukutani akapenga kamasi.

Tukatoka. Tukapita jikoni, tukapita uani, Dani mbele amelikumbatia. Tukafika chumba cha mbele. Mlango mkubwa ulikuwa wazi, na nje yake ule utepe mwekundu, na nyuma ya utepe watu wote wa Sori na Ndhiwa na Uriri. Bwana Okello alitutangulia kwa kupitia pembeni, akasimama karibu na sinia la mkasi.

"Mama," akanong'ona, "kuna mlango wa nyuma."

"Ya nyuma ndiyo walitoleanga watu kwa mashua," Dani akasema. "Yeye aliingia na hii. Atatoka na hii."

Kisha mikono ikamwishia nguvu. Awino akanyoosha yake apokee. Dani hakumpa. Akanigeukia mimi.

"Wewe, Nyar Mombasa. Shika."

"Mimi, Dani? Lakini mimi si..."

"Watu ya kwenu ndio waliingiza yeye," akasema. Hakusema kwa chuki, wala hakusema kwa upole. Alisema kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba ni zamu yake kuteka maji. "Basi mtoe."

Akaniwekea mikononi. Nilimtazama Bwana Okello, nikautazama utepe. Yeye akageuza shingo, akaangalia mbali barabarani, akasema kwa sauti, bila kumwambia mtu yeyote, kwamba anadhani lile vumbi kule ni la gari la mgeni wa heshima. Hakukuwa na vumbi lolote. Nikamweka Apiyo begani, nikaenda. Utepe ulinigusa kifuani, ukavutika, ukang'oka kwenye msumari wake, na watu wote waliokuwa wamekaa wakasimama. Nikatoka naye.